Daftari Ulilonipigia Mistari

Matiri, Jumapili baada ya Misa

Dada Mwanahamisi,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi, lakini kalamu imekataa kuanza bila salamu hiyo. Ulikuwa ukiitikia kabla sijamaliza kutamka: "Marahaba, mdogo wangu, umeamkaje?" Na mikono yako bado imo kwenye beseni la kuoshea sindano.

Nimefaulu, Dada. Nilitaka uwe wa kwanza kusikia, umekuwa wa mwisho, maana kila nilipokaa kukuandikia nilishindwa. Barua ya serikali imekuja, nimechaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Baba anaisoma kwa sauti kila mgeni akiingia, na wageni wengine nadhani huingia kwa sababu hiyo tu.

Nani angeamini, ukikumbuka nilivyorudi likizo ile ya kidato cha kwanza? Wewe ulikuwa na mwaka mmoja katika zahanati yetu, mtu wa Pangani uliyepanga chumba chetu cha uani, unavaa masweta mawili na bado meno yanagongana. Mimi nikarudi kutoka shule ya ziwani na karatasi ya onyo. Ilikuwa zamu yangu kuanua usipa waliokuwa wakikaushwa vichanjani. Nikasahau. Mvua ikanyesha usiku kucha, na bweni zima wakala ugali kwa chumvi siku nne. Wale wasichana walivyokuwa wakinitazama! Na si samaki tu. Nilisahau jaribio la jiografia. Siku ya bustani nilikwenda kufua, siku ya kufua nikaenda bustanini. Mwalimu mkuu akaandika kwamba muhula wa pili nao ukienda hivyo, nafasi yangu atapewa mwingine. Baba aliisoma ile karatasi, akaikunja, akaenda kwenye mibuni yake. Bora angenigombeza.

Ulinikuta nyuma ya jiko. Hukuniuliza nalia nini. Ulikwenda chumbani ukaja na daftari lako la kazi, ukalifungua magotini kwangu: Jumatatu kupima watoto, Jumanne vijiji vya bondeni kwa baiskeli, Jumatano kuchemsha vyombo, Alhamisi wajawazito. "Unadhani nina kichwa kuliko wewe?" ulisema. "Mimi nasahau hata nilikoweka kanga. Ninachokumbuka ni kufungua daftari, basi."

Kisha ukachukua daftari langu tupu na rula, ukapiga mistari. Vyumba saba, kila siku na chumba chake. Kwanza tukaingiza yale nisiyoweza kuyakwepa: vipindi, shamba la shule, zamu. Halafu ndipo masomo ya kujisomea. Nilipojaza Jumamosi moja hisabati, historia, baiolojia na insha mbili, ulininyang'anya penseli ukafuta nusu. "Siku si gunia la kushindilia, Skola. Ikijaa imejaa." Na jambo nisilolimaliza nisilifute kwa aibu, nilihamishie kesho yake. "Kuhamisha si kosa. Kosa ni kujidanganya kwamba umemaliza."

Mama alipita na kapu la maharage, akainama akatazama, akacheka. Akauliza mbona tunachora ngolo. Ukaachama mdomo, hukumwelewa, ikabidi akushike mkono akupeleke mlimani akakuonyeshe mashimo yetu yaliyopangwa safu kwa safu ili mvua isichukue udongo. Ulirudi na matope hadi magotini, unasema watu wa huku mnajua kupanga tangu zamani, sasa huyu binti yenu amemfuata nani?

Sikukueleza ukweli wote wa muhula ule. Wiki ya kwanza nililisahau daftari lenyewe! Nikalifunga kwa uzi kwenye mpini wa ndoo yangu ya maji, kwa kuwa ndoo huwezi kuisahau. Walinicheka sana. Ila muhula ulipokwisha hapakuwa na onyo, na nilipoingia kidato cha tatu wale wale waliokula ugali kwa chumvi ndio waliokuja kuomba niwapigie mistari. Mwalimu mkuu akanikabidhi zamu za bweni zima. Mimi, Dada! Mpaka zamu ya usipa.

Halafu ukaenda likizo kwenu. Ulisema ukirudi utanikagua. Homa ikakuchukua kwa siku tatu, wewe uliyetuliza homa za watoto wote wa hapa. Baba aliniandikia mistari miwili tu, na mwandiko wake ulikuwa umepinda.

Wiki tatu katika daftari langu hazina kitu. Sikuandika, sikusoma, zamu zangu walishika wenzangu wala hawakunisema. Nilipolifungua tena nilitaka kuzichana zile kurasa. Sikuweza. Nikaandika juu yake, "Dada amefariki," nikafunua ukurasa mwingine nikaandika: Jumatatu, hisabati, kufua, bustani. Nikaenda nikafua.

Sasa nikupe habari za furaha. Kijiji chetu kina darasa la watu wazima, wanasomea ghalani. Mama hakosi. Juzi kanidai daftari lake, na nipige mistari "kama ya nesi." Anaandika herufi kubwa kama mihogo: JUMATATU MAHARAGE. Alhamisi iliyopita Baba kakuta chumba kimoja cha daftari hilo kimeandikwa BABA KUNI. Akauliza ni nani amempangia. Mama akamwambia asome mwenyewe, si anajua kusoma? Kuni zilipasuliwa.

Na hili sijui kama limekufikia. Tangu uondoke, wasichana watatu wamezaliwa hapa na kupewa jina lako. Nilikuwapo alipobatizwa wa jirani yetu. Padre alisita na maji mkononi, akauliza Mwanahamisi ni mtakatifu wa wapi. Mama wa mtoto akamjibu, "Huyo tunamjua sisi, Padre." Padre akamtazama, akalitangulizia jina la Maria, akammwagia maji.

Chuo nilichopangiwa kiko mkoa wa kwenu. Nakuahidi, likizo ya kwanza nitashuka Pangani, nitamtafuta mama yako, nitapiga magoti nimwamkie. Nitamtajia wale watoto mmoja mmoja, na mama zao, ajue mwanawe alikaa kwa watu.

Pumzika, Dada. Mungu yule yule tuliyemwomba, wewe ukielekea huku na mimi kule, akutunze.

Mdogo wako,
Skola