Karatasi Laini

Jumatatu, 9 Juni
Mashine ya kuchapa breli imegoma tena. Nimechomoa waya, nimechomeka tundu lingine, nimezima, nimewasha. Kompyuta inanisomea kwa sauti ileile kavu: haijaunganishwa. Ijumaa mwanafunzi wangu Boke ana mtihani. Akifeli, anatolewa kitengo chetu cha wasioona na kurudishwa kwao Ntimaru. Madam Auma, naibu wa mwalimu mkuu, anaingoja siku hiyo kwa hamu. Anasema kitengo kinashusha alama za shule.

Jumanne, 10 Juni
Madam mbele ya walimu wote: "Mwalimu, si uite mtu mwenye macho akusaidie?" Wakacheka. Nikajibu kwamba nimeshaitengeneza. Uongo mtupu. Namchukia huyu mama.

Jumatano, 11 Juni
Sasa nimeitengeneza kweli. Kumbe kompyuta ilijisasisha, ikaisahau mashine. Nikaiweka upya. Ikanguruma kama mashine ya kusaga mahindi, ikatoa ukurasa wa majaribio, nukta kali chini ya kidole. Hakuna aliyenipongeza ila Boke. Alisikia kutoka darasani akapiga makofi.

Alhamisi, 12 Juni
Nimetuma mtihani. Mashine kimya. Nikangoja. Madam akaingia: karatasi zimetoka kwenye printa ya wino kule ofisini kwake, "dots zimejaa, nimeziona mwenyewe," na ameshafunga bahasha. Nikaomba nizishike. Akasema mtihani ukifungwa haufunguliwi. Ningeweza kung'ang'ana. Nilijua. Mashine haikulia. Lakini ningelazimika kukiri mbele ya wale waliocheka kwamba bado inanishinda.

Nikaenda kunywa chai.

Ijumaa, 13 Juni
Boke amekaa saa mbili na nukta za wino. Ukizigusa ni kama kugusa sahani. Alipoinua mkono, Madam, aliyekuwa akisimamia, alimwambia, "Dots ziko. Mimi naziona. Wewe ni mvivu tu, andika!" Nilikuwa nje ya dirisha. Taipu yake ya breli iligonga mpaka kengele ya mwisho. Sikuingia.

Jumatatu, 16 Juni
Hapa shuleni ni mimi peke yangu mwalimu ninayesoma breli, kwa hiyo nimeletewa majibu ya Boke nisahihishe.

Moja: karatasi ni laini. Mbili: karatasi ni laini. Tatu, nne, tano, hivyo hivyo. Kumi na tisa: Mwalimu, ni laini.

Alijua atakayesoma ni nani. Maswali thelathini. Nimeyapapasa yote.

Nikamwambia Madam mtihani urudiwe. Akauliza polepole, "Na nani alichapa? Tuandike jina lako?" Nikaandika sufuri. Mimi ni mwoga, basi.

Jumatano, 18 Juni
Baba yake Boke alikuwa aje kumchukua saa nne. Asubuhi niliwahi ofisini kwangu, nikatafuta mashine ya breli kwenye orodha ya printa za kompyuta, nikasubiri jina la mashine lisomwe hadi mwisho, ndipo nikatuma. Ikanguruma. Nikampelekea Boke karatasi za mtihani pale barazani, alipokuwa amekalia sanduku lake. Akapapasa. Akajibu la kwanza, la pili, la tatu. Sahihi yote. Alikuwa kwenye la saba pikipiki ilipoingia getini.