Kiti Kitupu cha Kwenda Shinyanga

Kiwanja cha Ndege, Mgodini,
Geita.
9 Aprili, 1953.

Mpendwa Dada Mbuke,

Shikamoo. Hujambo, na shemeji Mageni hajambo? Miguu yako iliyokuwa ikivimba imepata nafuu? Mimi mzima, ila nimewakumbuka hadi chakula hakipiti.

Barua yako ilikuja na lori la mwisho kabla mvua haijakata barabara. Nilipofika pale uliposema jicho la pili la mama nalo limeingia ukungu, na kwamba kila siku anauliza kama nitamkuta bado anaona, nililia, dada, mtu mzima mimi.

Nikamweleza Bwana Herman, rubani wa ndege ndogo inayotuletea dawa. Akasema Jumatatu atapitia Shinyanga na kiti kimoja ni kitupu, nijiandae. Nikanunua kanga ya mama, nikapiga shati pasi.

Jumapili ikanyesha. Kazi yangu unaijua: kila alfajiri natembea kiwanja chote, nafukuza ng'ombe, nafukia mashimo, kisha nachoma ardhi kwa fimbo ya chuma yenye alama. Fimbo ikizama kupita alama, gurudumu litanasa na ndege itapinduka. Hapo natandika msalaba wa turubai jeupe katikati, na rubani akiuona hatui.

Jumatatu jua liliwaka, juu pamekauka vizuri tu. Fimbo ikazama. Nikachoma tena, nikasogea hatua mbili, nikachoma tena, kama mtu anayebembeleza. Ikazama. Hakuna aliyekuwa akiniona, dada.

Nikatandika msalaba.

Ndege ilikuja, ikazunguka mara mbili, ikaenda zake. Maige, karani wetu, akaniambia, "Jilala, we mjinga kweli. Ungenyamaza, leo ungelala kwa mayu wako." Nilikuwa na hasira naye, na mvua, na ile fimbo.

Kiwanja kitakauka lini, sijui. Barua hii anaibeba tarishi kwa miguu hadi kivukoni. Ndani nimeweka picha yangu, nimepiga juzi. Ndevu nimenyoa ili mama asipate shida kunitambua. Mkalishe nje asubuhi penye mwanga, aisogeze karibu na jicho, aitazame sana. Usimwambie ni kwa sababu gani.

Nisalimie shemeji na mwanao Zipora. Mungu awalinde nyote, na amwachie mama mwanga kidogo, hata wa siku moja, hadi nifike.

Ni mimi ndugu yako nikupendaye,
Jilala