Chungu cha Cadette Hakikuwa na Sumu

Mwaka umetimia leo, Yaya Mpundu, kaka yetu mkubwa, tangu tulipokushusha kaburini hapa Nchelenge. Tunakukumbuka kwa Kiswahili kwa sababu tulimtukana mke wako Cadette kwa Kiswahili, na ndugu zake Wakongomani wa kambi ya wakimbizi ya Mantapala walisikia. Basi na hili walisikie.

Ulikuwa fundi wa mitumbwi. Kuanzia hapa mpaka Mununga, mbao ulizopiga wewe bado ziko juu ya maji. Mvuvi akikuletea mtumbwi unaovuja, ulimtukana kwanza, halafu ukamzibia, hata kama aliutengeneza fundi mwingine. Kila jioni ulimwachia mwanao Mujinga kichwa cha samaki, ukisema umeshiba. Ulikuwa mwongo.

Mgongo ulikuuma miaka mingi, tunajua. Lakini nani alikutuma kumeza vidonge kama karanga? Mdogo wako Davies ndiye aliyekununulia sokoni, vimefungwa katika kikaratasi kisicho na jina, kwa mtu anayeuza pia sabuni na betri. Vyekundu vya diklo, dawa ya maumivu, ulivimeza asubuhi, tumbo tupu. Vilipokosa nguvu ukaongeza vyeupe vya ibuprofeni kutoka ng'ambo, Kongo, ukidhani rangi nyingine ni dawa nyingine. Vilikuwa vya ukoo mmoja, na vyote viwili vilikuchimba tumbo. Jioni ulivisukuma kwa kachasu, pombe kali ya kienyeji.

Wiki mbili choo chako kilikuwa cheusi, kinanata. Cadette alimwambia Davies, Davies akakuuliza. Ulicheka. "Ile ni lami ya kazi, mudogo wangu. Unanichunguza kama mama mukwe."

Kweli ulishika lami kila siku, ukiziba mbao. Davies akaridhika, akaenda kukununulia vingine. Ilikuwa damu.

Siku ya mwisho ulikula bukari, ugali wa muhogo aliokusongea Cadette, ukatapika damu nyeusi palepale mbele ya chungu. Hospitalini Cadette alifungua fundo la kitenge chake, akamwonyesha daktari vikaratasi. "Nilimwambia akule mbele ya kumeza. Akasema mutu wa kazi hangoje bukari."

Daktari alituambia waziwazi kwamba vidonge vilikutoboa tumbo. Alisema hivyo viwili havichanganywi, havimezwi na pombe wala kwa njaa, na mtu akiona choo cheusi aviache siku hiyohiyo, akimbilie hospitali. Davies alisikia kila neno.

Kwenye matanga shangazi Matildah akasema yule Mkongomani amekuwekea sumu. Davies alijua, akanyamaza, maana vidonge vilitoka mkononi mwake. Kisha akafanya kibaya zaidi. Alibeba unga wote wa Cadette, akaumwaga ziwani mbele ya watu. Cadette akarudi Mantapala kwa miguu, Mujinga mgongoni.

Shangazi Matildah, kama bado unalo lile neno mdomoni, usije kwenye ibada yetu. Wewe wa sabuni na betri, unajijua. Na nyinyi mnaopita kuuliza kama vidonge vya marehemu vilibaki, piteni mbali na nyumba hii.

Nawe, Yaya, tumekukasirikia. Ungekwenda kliniki siku ya kwanza ya choo cheusi, leo ungekuwa hapa ukitutukana.

Jumamosi iliyopita Davies alikwenda Mantapala na gunia la unga. Cadette hakulipokea, wala hakumpa kiti. Alisema tu, "Unga nilishakula ya wengine. Weye sema ile neno mbele ya watu, vile ulimwaga mbele ya watu."

Neno lenyewe ndilo hili. Cadette hakukuua.

Wanaokukumbuka: Cadette, mke wako, tunayemtaja wa kwanza bila kumwomba ruhusa, Mujinga, mwanao, Suwilanji, mama yako, Memory, dada yako, na Davies, mdogo wako, aliyeandika haya kwa mkono uleule ulionunua vidonge.

Hatutakusahau, Yaya, hata kama tungetaka.