Mzunguko wa Mafuta

Pokhara,
mwezi wa Mangsir

Kwako Dada Hima,

Pokea salamu zangu, uwapelekee pia Baba, Shemeji na yule mbuzi wako mkorofi kama bado yu hai. Vipi goti la Baba na baridi hii? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini ukiniona utasema nimekwisha, maana hiyo ndiyo kazi yako.

Dada, kimya changu cha msimu huu hakikuwa cha kazi ya hotelini kama nilivyokudanganya. Nilikuwa kwenye mashindano ya televisheni, ya kukimbia na mizigo milimani, ambapo kila wiki washindani wanampigia kura mwenzao mmoja arudi kwao. Yataanza kuonyeshwa Ijumaa, na najua Baba atakuwa mbele ya runinga ya dukani kwenu. Nataka uyasikie kwangu kwanza.

Sikukuu ya Tihar ilitukuta huko huko milimani, Lamjung. Waandaaji wakaona itapendeza wanawake watupake tika za rangi kipajini sisi wanaume, kama dada wanavyowapaka kaka zao. Ndiyo, umesoma vizuri: sisi. Nilikaa na wanaume. Tangu niondoke nyumbani naishi hivyo, na watu wananiita Bikal. Soma hadi mwisho ndipo unitukane.

Aliyetupaka ni Dilkumari, polisi wa Okhaldhunga, mama mwenye mabega mapana kama mlango. Mimi na yeye tulikuwa hatupikiki chungu kimoja. Aliniita mmaliza wali, nami nikamwita afande asiye na kituo. Kura ya kesho yake alikuwa ameshaniahidi kwamba ni yangu. Basi akatuketisha wanaume wote kwenye mkeka mmoja, akachovya nyasi katika mafuta ya haradali, akatuzungushia ule mstari ambao Yama na mauti yake hawauvuki.

Alipoinama kunipaka, Prabin Khadka, aliyekaa ubavuni mwangu, akamzuia. Binamu yake alicheza nami voliboli shuleni, kwa hiyo alinijua tangu mwanzo. Kumbe aliitunza siri yangu akingojea siku yenye kamera nyingi. Akamwambia Dilkumari asiharibu tika yake, huyu si kaka wa mtu, amuulize alichezea timu gani kama si ya wasichana. Kisha akaniambia niinuke niende kwa akina dada wenzangu.

Masikio yangu yaliziba. Nikaanza kuinuka, na ningeondoka pale kwa miguu hadi kwetu Palpa. Dilkumari akanishika bega, akanikalisha. Akaniuliza, kwa sauti ya kuhoji mahabusu, kama ni kweli. Nikajibu kwamba ni kweli nilizaliwa hivyo, na ni uongo kwamba mimi si mwanamume. Akanitazama mpaka nikaona aibu. Halafu akamgeukia Prabin.

"Wewe una akili kweli? Nimeshawazungushia mafuta wote pamoja. Huyu akitoka, mstari umekatika, na Yama ataingia kwa tundu hilo hilo. Unafikiri atamkuta nani ndani, aliyetoka au wewe uliyebaki? Hebu kaa, bwana."

Prabin, aliyevuka daraja la kamba huku akiimba, akajikunyata na kuvuta vidole vya miguu ndani ya mstari.

Dilkumari akanipaka rangi zote saba bila haraka. Akanivika maua ya makhamali, akaenda kizingitini akaipasua kokwa ya jozi kwa pigo moja, kama ilivyo desturi. Akasema amepata mdogo wa kiume ambaye hakumwomba, lakini kwani nani huwa anaombwa ndugu. Dada, kila asubuhi nauona mlima Annapurna ukiwaka jua, na sijawahi kustaajabu kama nilivyostaajabu pale mkekani. Nililia mbele ya kamera zao na wala sikujifuta.

Kesho yake akanipigia kura nitoke, kama alivyoahidi. Undugu ni undugu, mashindano ni mashindano.

Sasa nikukirie jambo. Waandaaji waliniita wakasema sehemu ile wanaweza kuikata, asijue mtu. Mimi ndiye niliyekataa. Wakikata maneno ya Prabin watakata na mkono wa yule mama, na mkono ule nataka uuone. Baba atakasirika, hilo nalijua, lakini simwogopi kama ninavyokuogopa wewe. Ukinikataa wewe, sina tena wa kumwandikia barua.

Miaka yote umekuwa ukichukua sinia lako kwenda kwa mjomba kuwapaka tika wana wa wenzako, ukirudi jikoni kulia kwamba Mungu hakukupa ndugu wa kiume. Nilikuwa nikikusikia. Nilikuwa nimekaa papo hapo nakuna nazi ya mikate ya sel, na sikuthubutu kukwambia.

Wasalimie wote, na Baba mwambie wewe, utakavyoona inafaa. Mwakani usiende kwa mjomba.

Ni mimi, mdogo wako wa kiume,

Bikal