Kanga ya Mlangoni kwa Bibi Eustadia

Shoga, upo? Ile kanga ya zamani niliyopambia mlango kwa Krismasi, bibi Eustadia kaniambia niishushe sasa hivi. Nikamuuliza kwa nini. Akalia.

Kumbe enzi za Mwingereza, hapa hapa Tabora, naye Krismasi moja aliipamba nyumba kwa vitu vya mnadani. Chupa kuukuu alizitia maua. Kanga hiyo, yenye maandishi ya herufi za Kiarabu, akaitundika mlangoni. Kuyasoma hawezi, alidhani ni dua.

Akamwalika jirani yake Mwanajuma na wanawe. Tena akamtambia, "Nimewawekea neno mlangoni."

Nimewawekea neno, shoga.

Aliwaona dirishani wakifika. Wakasimama mlangoni, wakatazama juu, wakageuka. Wali ukapoa.

Kesho yake akaenda kuuliza amewakosea nini. Mwanajuma, bila kupandisha sauti, akamtajia yaliyoandikwa: "Hodi zenu nazijua, mwafuata sahani."

Bibi akaapa hakujua.

"Najua hukujua, Mama Damas," Mwanajuma akamwambia. "Ila wanangu wanasoma madrasa. Mdogo ndiye aliyeisoma kwanza, akaniuliza kama ni sisi."