Njia ya Pembeni

Hilltown, Dundee
9 Aprili 1866

Mpendwa dada Grizel,

Salamu nyingi sana. Hujambo huko Otago? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimepungua? Sisi tu wazima wa mwili. Ya moyoni utayasoma.

Dada, Ninian wetu hatunaye. Homa ya koo ilimchukua mwezi uliopita, zikibaki siku chache atimize miaka minne, avuliwe gauni la utotoni na kuvishwa suruali yake ya kwanza. Mama mkwe alikwisha kuishona, ina vifungo vya shaba. Alivyoingoja! Hata muuza maziwa alionyeshwa.

Picha niliyokuahidi tulipigwa wiki moja kabla hajaugua. Ni ya kioo, haina ya pili. Unajua mwanangu hakuwa wa kutulia, basi mpiga picha akanikalisha kitini, akanifunika shuka gubigubi, nimpakate na kumshika kiunoni asitikisike. Sikuona kitu. Nilimsikia tu mke wake akija na kitana: "Tulia, mrembo wangu, nikutengeneze." Nikadhani anambembeleza. Kumbe aliona gauni akadhani ni msichana, akampasua njia ya nywele katikati! Mimi nilimpasua pembeni siku zote, kama wavulana wote.

Sasa kila anayeitazama husema, "Kabinti kazuri hako! Kanaitwaje?" Mama mkwe ameigeuzia ukutani. "Huyo simjui," anasema. "Mjukuu wangu mwanamume." Mume wangu Archibald anataka ikwanguliwe, achorwe njia ya pembeni na suruali. Nimekataa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uso ule sina mwingine.

Kwa hiyo naileta kwako, nimeizungushia sufu. Archibald ananicheka: "Itavunjika baharini, mwanamke wewe!" Bora ivunjike ikiwa ni yeye kuliko ibaki hapa ikiwa mtu mwingine. Itundike sebuleni. Wakikuuliza jina la binti, waambie ni Ninian, na hilo furushi lililompakata ni mama yake.

Nisalimie shemeji Walter, na umbusu Jean mdogo. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Usihuzunike kwa mazishi, dada. Nilimwandaa mwenyewe. Nilimvisha suruali yake, nikafunga vifungo vyote, na nywele nikampasua njia pembeni. Huko aliko hakuna atakayemwita binti.

Mdogo wako, akupendaye ng'ambo ya maji yote,
Euphemia