Mkeka wa Sakiusa Hautakuwa na Matamvua

Nukuvou,
Kadavu, Fiji.
9 Septemba, 2024.

Mpendwa dada Makereta,

Shikamoo dada. Goti linaendeleaje, na baridi ya huko Brisbane imepungua? Huku magimbi yametoka vizuri na kanisa limeezekwa upya. Mgonjwa wetu ni mmoja tu, mjukuu wangu Kelera, na habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu. Kwenye simu ningelia.

Juzi nilikuwa nakwangua majani ya mkadi ya kusukia mkeka kwa gamba la kombe, ile harufu ikanirudisha kwa marehemu mama. Unakumbuka alivyokupiga makonzi ukilegeza msuko? Ulikuwa ukisema unakwenda mtoni mara moja, basi mimi nasuka upande wangu na wako mpaka jua linatua. Mtegeaji kama wewe sijamwona tena. Mkeka ukiisha tulikuwa tukibiringika juu yake hadi tufukuzwe. Mama aliutia mstari mmoja tu wa matamvua, uzi alioufumua kwenye sweta kuukuu la baba, na hakuna aliyemcheka. Nazitamani siku zile, dada. Nazitamani sana.

Siku hizi mkeka usio na mistari minne ya matamvua huonekana wa kimaskini. Ndiyo maana yale magunia matatu ya nyuzi uliyotutumia kwa ajili ya arusi ya mwanao Sakiusa tuliyapokea kwa vigelegele. Tumekuwa tukizikata na kuzichambua nyumbani kwangu, madirisha tumeyafunga ili upepo wa bahari usizitawanye. Na Kelera hulala humo humo, juu ya rundo la mikeka iliyokwisha.

Pumu yake unaijua. Tumehamisha jiko, mbwa tumemtoa, taka hatuchomi karibu. Lakini kila wanawake wakikusanyika kwangu, kifua kinambana. Mwezi uliopita tulimkimbiza zahanati kwa boti. Aliivuta dawa yake ya kupuliza mara sita ndipo akaweza kutamka jina lake.

Nesi Asinate akaja kumjulia hali nyumbani. Jua lilikuwa linapenya kwenye ufa wa dirisha, akaona vumbi jekundu na la kijani likielea. "Shangazi, hizi nyuzi ni za nini?" Nikamwambia kwa majivuno, sufu hiyo, ya kondoo wa Australia, kaleta dada yangu. Akachukua uzi mmoja, akauwashia kiberiti mlangoni. Haukunuka kama nywele, inavyonuka sufu ikiungua. Uliyeyuka, ukawa tone jeusi gumu.

"Hii ni plastiki, shangazi. Mtoto anavuta plastiki."

Alinieleza taratibu kwamba wataalamu bado wanachunguza, hawawezi kusema kwa hakika inafanya nini mwilini. Ila vipande vidogo vya plastiki vimekutwa ndani ya mapafu ya watu, na wanahofia kwamba vinayachokoza, hasa ya mwenye pumu.

Sasa nitubu. Nilimsikia vizuri, na bado nilikata nyuzi siku nne zaidi. Niliogopa aibu. Binamu yetu Taraivini, unamjua mdomo wake, alinichimba: "Utampelekea bibi arusi mkeka mtupu kama wa kuanikia mihogo? Wakwe watasema mama wa bwana arusi ni mchoyo." Tukacheka, nikaendelea kukata. Siku ya nne Kelera akabanwa tena, vibaya kuliko mwanzo. Alipopata pumzi akaniuliza, "Bibi, nikienda kulala kwa watu wengine, mkeka wa mjomba utaisha?"

Dada, mtoto wa miaka saba alikuwa ananipa ruhusa ya kumfukuza.

Magunia nimeyafunga, yako stoo ya kanisa. Mkeka wa Sakiusa tumeumaliza jana, hauna uzi hata mmoja. Arusi ni ya mwanao na mkubwa ni wewe, ilipasa nikuulize kwanza. Sikukuuliza kwa sababu ungesema hapana, mimi ningekutii. Nyuzi ulituletea kwa upendo, hilo nalijua, ila usitume tena. Ukitaka kununa, ninunie mimi.

Taraivini anakusalimu, na amesema mbele ya wakwe atajibu yeye. Msalimie shemeji, na Sakiusa mwambie apunguze uzito kabla ya Desemba, suti haina huruma. Mungu awafikishe kwetu salama, nyote mliopo na bibi arusi atakayekuwa wetu.

Nakuandikia mchana, madirisha yote wazi. Kelera amelala miguuni pangu, mdomo umefumba, anapumua kwa pua.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,

Unaisi